Menyu iliyoandikwa na daftari la Mangi: kisa cha nyumba ya watu kumi Mbagala

Nyumba yenyewe iko Mbagala, ndani ndani, mbali kidogo na barabara ya Kilwa. Wanaishi watu kumi: baba ambaye ni fundi ujenzi, mama ambaye ni msusi, bibi mzaa baba, mdogo wake mama wa miaka 19, watoto watano, na mpwa aliyeletwa kutoka Newala aje asome. Watano wako shule. Wa mwisho, ana miaka mitatu kasoro, yuko nyumbani na bibi.

Kilichonifikisha pale ni kadi ya kliniki ya huyo wa mwisho. Mstari wa uzito ulikuwa umelala miezi minne. Nesi alimwambia mama ampe mtoto mlo kamili, mama akatoka kliniki amekasirika. "Mlo kamili, mlo kamili, hela naitoa wapi?" Kazi yangu inanipitisha kwenye nyumba za watu kuzungumzia lishe na jibu hilo nimeshalizoea. Mara nyingi ni la kweli. Kwenye nyumba hii lilikuwa kweli nusu, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayofanya kisa hiki kistahili kuandikwa.

Tulianza kwa kuandika kila shilingi inayotoka jikoni, bila kumlaumu mtu. Siku ya shule ilikwenda hivi. Asubuhi chai ya rangi na maandazi 20 ya shilingi 100, jumla 2,000. Sukari nusu kilo, 1,500, chai asubuhi na chai jioni. Majani 200. Watoto watano wa shule shilingi 300 kila mmoja. Sembe kilo mbili za ugali wa usiku, 3,200. Mafuta ya kupima 1,000. Mkaa kopo mbili, 2,000. Mboga na viungo vyake, yaani nyanya, kitunguu, fungu la mchicha au dagaa wa kufunga kwenye mfuko, 2,000. Mchana waliobaki nyumbani walikula kiporo, kikiwepo. Jumla 13,400, na kwa wiki nzima, ukiondoa hela ya shule ya Jumamosi na Jumapili, 90,800.

Hiyo si hela ndogo kwa mtu anayelipwa kwa kibarua. Ila pia si hela ya kumfanya mtoto akonde. Tatizo lilikuwa limejificha ndani ya mgawanyo wake, na mimi mwenyewe nililiona vizuri pale mama alipoleta daftari.

Kila mtaa wa Dar es Salaam una duka la Mangi, ndivyo tunavyomwita muuza duka, awe Mchaga au asiwe. Mangi wa nyumba hii alikuwa anawakopesha kwa kuandika: siku fundi hana kazi, mtoto anatumwa na daftari, anarudi na sembe, sukari, mafuta na majani. Ukilipitia daftari lile utadhani ni orodha ya chakula cha nyumba ile, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mwenye genge la mboga hakopeshi. Mama wa mchicha hakopeshi, mchicha wake ukilala umekufa. Muuza dagaa hakopeshi, wala wa machungwa. Kwa hiyo siku hela haipo, familia inakula kile kinachokopesheka: ugali mweupe na chai yenye sukari nyingi. Siku fundi analipwa, kipande kikubwa cha hela kinakwenda kulipa vilivyokwisha liwa, kinachobaki hakifiki genge, na kesho yake daftari linafunguliwa upya.

Nasisitiza kwamba Mangi hakuwa mbaya. Hakuwatoza riba, na mwaka uliopita msimu wa masika, ujenzi uliposimama, yeye ndiye aliyewalisha. Lakini deni lake ndilo lililokuwa linaamua watu kumi wale nini, na hakuna ushauri wa lishe unaoweza kupita juu ya hilo.

Hesabu za karibu zilionyesha mengine. Nilichukua kile kipimo cha mafuta cha shilingi 500, tukakimimina kwenye kikombe cha dawa ya mtoto mara kadhaa hadi kikaisha: mililita 70. Maana yake lita moja ilikuwa inawatoka zaidi ya shilingi 7,100, wakati kidumu cha lita tano pale pale dukani kilikuwa 27,500, yaani 5,500 kwa lita. Maskini analipa zaidi kwa sababu analipa kidogo kidogo, hilo kila mtu analijua. Mama alinyamaza tu akakitazama kikombe.

Sukari ndiyo iliyonishangaza mimi. Nusu kilo kwa watu kumi ni gramu 50 kila mmoja kwa siku, karibu vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayopata kwa siku, na kwa mtu mzima hizo gramu 50 ndizo mpaka wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa anakunywa kikombe sawa na kaka zake. Chai ile ilimshibisha bila kumpa chochote, na ugali ukija hana hamu. Ukijumlisha sukari, majani na maandazi, wiki moja ilimeza 25,900. Zaidi ya robo ya hela yote ya chakula, kwa mlo ambao hauna hata punje ya protini ya maana.

Bibi hakufurahia hesabu hiyo. "Mwanangu, mimi chai bila sukari nikanywe kama dawa?" Nikamwambia shikamoo yangu haijabadilika bibi, sukari hatuiondoi, tunaipunguza. Akacheka, ila alinitazama kwa jicho hadi mwisho.

Sasa sinia. Watu wengi wanaozungumzia chakula cha familia kubwa wanaishia kwenye sufuria: kimepikwa nini, kwa shilingi ngapi. Mimi naona sehemu kubwa ya ugonjwa iko kati ya sufuria na mdomo. Usiku niliobaki pale kula, ugali uliwekwa masinia mawili. Moja la fundi na bibi, wakiwa na dagaa wengi. La pili la watoto wote sita pamoja na mdogo wake mama, mama mwenyewe akila mwishoni jikoni, mchuzi wa kukombeleza. Wakubwa wa miaka 15 na 13 wanameza tonge kubwa, wanachota mboga, hawapumziki. Mdogo anabana katonge kake, anakageuza, anakadondosha, anakaokota. Alipofika tonge la nne bakuli la mboga lilikuwa limebaki mchuzi na nyanya. Hakuna aliyemnyima. Alishindwa mbio.

Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo, anahitaji kula mara nyingi zaidi kwa siku: milo mitatu na vitu viwili vidogo katikati. Yeye alikuwa anakula mara mbili, na moja kati ya hizo ni chai. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolibadilisha halikugharimu kitu: sahani yake mwenyewe, inapakuliwa kabla ya sinia, mboga inawekwa kwanza ndipo ugali. Na mama naye akapakua yake mapema. Fundi aliliunga mkono hili haraka kuliko nilivyotegemea. Hakuwa amejua kwamba mkewe anakula makombo, maana akili ya mwanaume anayerudi saa mbili usiku haiko jikoni.

La pili lilikuwa deni. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake 15, kila mmoja anatoa 5,000 kwa wiki, kwa hiyo zamu yake ikifika anapokea 75,000. Zamu zilizopita zilikwenda kwenye vitenge vya sare na seti ya masufuria. Safari hii, akiwa wa tatu kutoka mwisho, tulimwomba kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, asimpeleke mbele wala nyuma, tukapanga hela ile kabla haijafika mkononi. Daftari la Mangi, 38,000, likafungwa. Debe la mahindi la kilo 20, 18,000, na kusaga 2,000. Kilo tano za maharage na mbaazi, 12,500. Zikabaki 4,500, fundi akaongeza, ikanunuliwa lita nzima ya mafuta. Sijawahi kusoma mwongozo wa lishe unaosema lipa deni la duka, lakini kwenye nyumba hii hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Tangu siku hiyo vitu vikavu vikawa vinanunuliwa Jumamosi fundi anapolipwa, kwa hela taslimu na kwa wingi, na ile hela ndogo ya kila siku inayotoka kwenye kusuka nywele ikaachwa kwa genge peke yake. Siku ambayo mteja hajaja, stoo ina unga na maharage. Daftari halitumwi.

Mahindi yalisagwa dona. Hapa palikuwa na vita kidogo. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimekwenda kulisha kuku wa mtu mwingine pamoja na nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Dona inabaki na vyote, na kwao ilitoka shilingi 1,000 kwa kilo badala ya 1,600. Lakini dona ina sifa mbaya mjini: chakula cha bweni, cha jeshini, cha jela. Mvulana wa miaka 15 alisema wazi kwamba rafiki zake wakija hataki kuonekana nayo. Tukaanza nusu kwa nusu na sembe, tukaenda taratibu. Mwezi wa pili walikuwa wanakula dona tupu, isipokuwa wageni wakija, na hapo sikuona sababu ya kugombana.

Onyo moja ambalo silipitii juu juu: mahindi ya bei ya kutupa yenye ukungu si nafuu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kwenye dona unakula punje yote, kwa hiyo kuchambua ni lazima: iliyobadilika rangi, iliyooza ncha, iliyotobolewa, itupwe. Karanga vilevile. Mdogo wake mama na wasichana wawili wa nyumba ile wanalichambua debe kwenye ungo Jumapili mchana, na redio ikiwa juu.

Kwenye maharage ndipo mahesabu ya vitabuni yanapokosea. Kila anayeandika kuhusu chakula cha bei nafuu anasema kula maharage, na bei ya kilo inamuunga mkono. Hawahesabu mkaa. Maharage ya zamani yasiyolowekwa yanakaa jikoni saa tatu, na kopo la shilingi 1,000 linaisha kabla hayajaiva. Mama alikuwa amejifunza hilo zamani, ndiyo maana alipika maharage mara moja kwa wiki na hakuona haja ya kueleza kwa nini. Wataalamu tunafika, tunamwambia ale jamii ya kunde, tunaondoka.

Tulichofanya ni hiki. Maharage yanalowekwa usiku, maji yale yanamwagwa asubuhi. Yanabandikwa kwenye jiko moja lile lile lililokwisha chemsha uji, yachemke kwa nguvu nusu saa bila kufunguliwafunguliwa. Hapo ni muhimu, maana maharage mekundu yana kitu kinachoharibu tumbo kisipochemshwa sawasawa. Halafu sufuria linafunikwa, linazungushiwa khanga kuukuu na kuzamishwa kwenye tenga lililojazwa magunia na nguo zilizochakaa, juu yake mto. Mkaa unazimwa kwa mchanga, unabaki wa jioni. Saa saba mchana maharage yameiva kwa joto lake mwenyewe, yamoto bado. Yanarudishwa jikoni yachemke tena kabla ya kuliwa, nusu inaungwa mchana, nusu inaungwa usiku. Haya ya usiku nayo hayakai hadi kesho, Dar hairuhusu. Bibi alitaka kuweka magadi kama walivyozoea. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, na kwa kuwa tenga linafanya kazi hiyo bure, magadi yakaachwa kwa mlenda. Mkaa ulishuka kutoka 14,000 hadi 12,000 kwa wiki, huku kunde zikipikwa karibu kila siku.

Bibi ndiye aliyeniokoa kwenye mambo ya ladha. Ametoka Newala, na mbaazi anazijua zikiwa shambani, zikiwa kavu, na zikiwa hazina soko. Alikumbuka 2017, India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ikaanguka Lindi na Mtwara hadi watu wakaziacha shambani. Alilieleza hilo kwa uchungu wa mkulima, kisha akasema kitu cha maana kuliko chote nilichokuwa nimeandika: "Tuliziacha kwa sababu tulizoea kuziuza. Kuzila tulikuwa tunaona aibu." Mbaazi za nazi zikawa kifungua kinywa siku mbili kwa wiki, na muhogo wa kuchemsha badala ya maandazi. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa utamu wake. Siku nyingine uji wa dona, ukiwa na ndimu na sukari kidogo. Sukari ya wiki ikawa kilo moja, kutoka tatu na nusu.

Kisamvu nacho ni chake. Anakitwanga hadi kilainike, anakichemsha muda mrefu sufuria likiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke, ndipo anaweka karanga au nazi. Matembele na mchicha ni kinyume chake: vinaoshwa kabla ya kukatwa, vinaingia kwenye mafuta na nyanya, dakika chache, vinatoka vikiwa kijani.

Kwa mtoto, uji wake unapata kijiko cha dagaa waliosagwa. Dagaa wa Mwanza wana mchanga, kwa hiyo wanalowekwa maji ya vuguvugu, wanachekechwa, vichwa vinatolewa, wanaanikwa tena na kukaangwa bila mafuta ndipo watwangwe kinuni na kuchujwa. Kwa kuwa dagaa analiwa na mifupa yake, mtoto anapata madini ya mifupa pamoja na protini. Mama aliuliza kuhusu unga wa lishe unaouzwa ukiwa na nafaka saba, nane, kumi. Mimi siupendi. Nyingi ni za kundi moja, ulezi, mtama, mahindi, mchele, ngano, kwa hiyo idadi haikuongezei kitu, na karanga zikisagwa humo mapema unga unachacha na unaweza kuota ukungu. Dona, dagaa pembeni, karanga za kusaga siku ile ile, ndimu au chungwa baada ya kula: hiyo inatosha na unajua kilichomo. Ndimu si pambo. Vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, wakati chai ikinywewa pamoja na chakula inafanya kinyume. Chai ikasogezwa mbali na mlo.

Wiki ya bajeti mpya ilifika 88,300. Ni pungufu kwa 2,500 tu, na nimeona watu wakivunjika moyo wakisikia hivyo, kwa sababu wamezoea kuahidiwa kwamba kula vizuri kutawaachia hela ya kuweka benki. Angalia kilichohama: zile 21,900 zilizotoka kwenye chai na maandazi zimenunua kunde za wiki nzima, nusu kilo ya dagaa na matunda ya watoto, ikabaki chenji. Watu hawakutumia kidogo zaidi. Wamekula kitu kingine kwa hela ile ile.

Uzito wa mtoto ulianza kupanda mwezi wa pili tangu tuanze. Nisijipe sifa yote: kliniki ilimpa pia dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, na mvua zilipoisha kuhara kwa mtaa mzima kulipungua. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema sahani yake mwenyewe ilifanya kazi kubwa kuliko dagaa. Ndiyo maana simshangai mtu akiniambia kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi, kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 ilikutwa na udumavu wa karibu nusu ya watoto au zaidi, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Ghala likiwa limejaa bado kuna maswali ya nani anapika, anapata muda gani, mtoto analishwa na nani na mara ngapi.

Visivyofanikiwa vipo. Hela ya shule, ile 300, bado inaishia kwenye pipi na vitafunwa vya rangi rangi. Tulijaribu kuwabebesha muhogo, wakaugawa njiani. Mayai hayajaingia kwenye bajeti isipokuwa kwa mdogo. Msimu wa masika fundi alikaa wiki mbili bila kazi na daftari lilifunguliwa mara moja, kwa sukari na mafuta, likafungwa Jumamosi iliyofuata.

Sasa hivi wanabishana kuhusu mahindi. Mwezi wa saba na wa nane mzigo wa Nyanda za Juu Kusini unaingia sokoni na bei inashuka. Mama anataka zamu yake ijayo ya mchezo inunue gunia zima liwekwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, ili dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, wasipate nafasi. Fundi anataka mtungi wa gesi. Bibi anasema gunia, ila na gesi anaitaka, ya kuchemshia chai.